Kengele Ililia Nikiwa Kwenye Salamu

Mdogo wangu alikuwa akipokea simu za wateja katika kampuni moja ya mizigo karibu na Port Reitz. Wateja walimpenda kwa salamu zake. Hakumkimbiza mtu, alimjulia hali kwanza, akauliza na watoto, ndipo akaja kwenye kontena. Salamu hizo nilimfunza mimi, baada ya wazazi wetu kufariki nami kuacha shule ili niwalee yeye na wadogo wetu wengine. Sikuwa na kingine cha kuwarithisha.

Mwaka huu kampuni ikaleta mashine inayoongea kama mtu. Wakamkalisha aisemeshe hadi ishike sauti yake na salamu zake, kisha wakamwambia mwisho wa mwezi ukifika asirudi.

Serikali ilipotangaza kwamba inakusanya maoni kuhusu akili bandia, nilikariri ombi langu nikifua nguo za watu: kampuni isiruhusiwe kumweka mtu kando kwa ajili ya mashine kabla ya kumfundisha kazi nyingine. Nilidhani serikali ipo kwa hilo, isimame kati ya mwenye mashine na asiye na kitu.

Ukumbi wa Changamwe ulijaa. Afisa aliyetoka Nairobi alisema kila mtu ataongea mpaka kengele ilie. Nilipopewa kipaza sauti nikaanza nilivyozoea. Nikawaamkia wazee, nikawapa wageni pole ya safari, nikauliza habari za huko bara, nikawashukuru waliopika chai.

"Dada, tumekuja harusini?" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. Watu wakacheka.

"Mwacheni," mzee mmoja akamkemea. "Mtu habishi hodi kwa kutaja shida."

Kengele ikalia.

"Lakini ombi langu, bwana..."

"Asante sana, mama. Maoni yako tumeyapokea. Anayefuata!"

Nyumbani mdogo wangu alinipokea mlangoni. "Wamesemaje, dada?"

"Hata sikufika kwenye ombi."

Alinijua.

Mwezi ulipokwisha nilipiga namba ya kampuni. Sauti ya mdogo wangu ikapokea: "Karibu sana. Hujambo? Nyumbani hawajambo?" Ikanisubiri nijibu, bila haraka yoyote. Mwenyewe alikuwa uani, akisuuza nguo nilizofua.