Chapati ya Kabla ya Nusu Kaputi

Mimi nauza vitenge Kariakoo, na bei ya kwanza sijawahi kuikubali. Mwanangu Zuhura alitakiwa kung'olewa meno yaliyooza kwa nusu kaputi, kwenye moja ya hospitali mpya za binafsi. Daktari akasema asile kitu toka usiku.

"Tupunguze kidogo, daktari. Ale mpaka alfajiri?"

"Mama, akitapika usingizini atapaliwa. Anaweza kufa."

Nikajua naye kaweka cha juu. Asubuhi nikampa mtoto chapati, nikamwambia anyamaze.

Sindano ikiwa tayari, daktari akamuuliza, "Bibie, umekula?"

"Sijala."

"Safi. Njaa inauma, eeh?"

"Hapana, nimeshiba chapati. Mama kasema madaktari mnazidisha masaa kama yeye anavyozidisha bei."

Sindano ikarudi kwenye sinia, chumba kizima kikanigeukia.