Nililala Kwenye Mashine kwa Jina la Rafiki Yangu

Nimekosa, jamani. Sikusingiziwa wala sikulazimishwa. Kichwa kilichopigwa picha ni changu, jina lililoandikwa ni la rafiki yangu.

Mimi nasoma ualimu hapa Mtwara. Rafiki huyo nitamwita Somoe, mtoto wa Msimbati, mfungaji wa timu ya netiboli ya chuo. Mwanzoni mwa msimu walikuja watafiti wa ubongo. Walitaka kuwapiga picha wachezaji wote kabla ya mechi, kisha kuwarudia watakaoumia kichwa, walinganishe.

Ngoja nieleze, maana wengi hatukufundishwa haya. Ukigongwa kichwa, fuvu linaweza kubaki zima huku ubongo umetikisika ndani. Ni kama korosho iliyogongwa vibaya: ganda halionyeshi kitu, kumbe kiini kimepasuka. Hata picha moja mara nyingi haisemi mengi. Mbili za kichwa kilekile, ya kabla na ya baada, ndizo zinazosaidia.

Siku moja kabla ya zamu yake ya kupigwa picha, Somoe aligongana vichwa na beki kwenye bonanza pale Rahaleo. Alitapika. Asubuhi mwanga wa dirishani ulimfanya ajifunike khanga usoni.

"Shoga, wakiniona hivi watanisimamisha," akasema. "Timu itaondoka bila mimi. Nenda wewe."

"Nikaseme nini?"

"Useme wewe ni mimi! Mechi za madarasa umecheza umamluki mara ngapi? Huko hata mpira hakuna, kazi ni kulala tu!"

Tukacheka. Ole wangu, tulicheka!

Kitambulisho chake kilikuwa na picha iliyofifia, na sote tunavaa hijabu. Daktari aliniuliza kwa upole, "Umegongwa kichwa siku za karibuni, binti?"

"Hapana, dokta."

Mashine ikaanza kugongagonga masikioni. Nami nimelala humo, nikijiona nimemsaidia mtu!

Somoe akaendelea na mazoezi. Akaanza kuuliza swali lilelile mara mbili. Akatia chumvi kwenye chai, akainywa yote. Niliona! Nikajiambia ni uchovu, maana watafiti walishamhesabu miongoni mwa wazima.

Kwenye mechi alipigwa kiwiko. Kiwiko kidogo tu, cha mtu asiye na nia mbaya. Alianguka kama nguo iliyokatikiwa na kamba.

Hospitalini wakamwingiza Somoe mwenyewe kwenye mashine. Daktari mwingine akatoka na kuniita pembeni mimi niliyemsindikiza.

"Picha hizi mbili si za mtu mmoja. Mikunjo ya ubongo haifanani kabisa. Ile ya kwanza ni ya nani?"

Sikukiri papo hapo. Wakadhani wamechanganya majina, wakapoteza muda kutafuta picha ambayo haijawahi kuwepo. Nilipokiri, daktari hakunifokea. Heri angenifokea!

"Tungejua amegongwa, asingerudi uwanjani," alisema. "Sasa hatuwezi kutenganisha lipi ni jeraha la mwanzo na lipi ni la juzi."

Somoe yuko kwao Msimbati, kwenye chumba chenye mapazia mazito. Anaanza sentensi, inampotea katikati. Madaktari wanasema tusubiri. Hawasemi mpaka lini.

Mama yake hunipakulia kipande kikubwa cha samaki. "Wewe ndiye rafiki wa kweli, mwanangu. Wenzako wote wamemkimbia." Hajui. Nikimaliza kuandika haya naenda kumwambia, na sijui kama nitakaribishwa tena katika nyumba ile.

Wewe unayesoma, si lazima uwe daktari. Mwenzako akigongwa kichwa, kisha akatapika, akakimbia mwanga au akarudia swali, mtoe uwanjani, mpeleke hospitali, sema kila ulichokiona. Usiogope kuonekana mbeya. Atakuomba umfichie, atalia, atakuita msaliti. Mwache akununie. Afadhali akununie, mradi anakumbuka kwa nini amekununia.