Mama wa Kunyongwa na Kuku wa Wakwe Zangu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa askari jela, mgeni kutoka pwani, katika gereza dogo la wanawake nje ya mji wa Kakamega. Nilipewa kumlinda mama mmoja wa Musanda aliyehukumiwa kunyongwa, eti alimuua mumewe kwa sumu. Yeye alishikilia kwamba mumewe aliugua tu. Alipokuwa akisubiri rufaa, alifungiwa peke yake katika chumba cha mwisho, kilichotazamana na miwa mitupu.

Nilimwogopa mno. Sahani yake niliisukuma kwa ncha ya kiatu. Akacheka.

"Afande, wa kunyongwa ni mimi. Mbona unatetemeka wewe?"

Nikacheka pia, na tangu siku hiyo zamu yangu ikawa ya mazungumzo mlangoni pake.

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na mwalimu mmoja wa Shirere. Wazazi wake wakatuma neno kwamba Jumapili wangekuja kula kwangu. Nikamwambia mama yule nitawapikia pilau.

"Pilau? Watarudi kwao na njaa! Pika ingokho, kuku wa kienyeji, na obusuma, ugali mgumu. Na firigisi usiiguse."

"Kwetu firigisi ni ya mpishi."

"Hapa inakulwanga na mzee. Ukiila, mwanangu, hakuna harusi."

Jumapili ilipofika, baba mkwe alipekua bakuli kwa kijiko. Alipoiona firigisi akatabasamu hadi masikioni. "Nani amekufundisha?"

"Rafiki yangu wa kazini."

"Mwambie amelea vizuri."

Nilipomfikishia salamu hizo, mama alicheza isukuti, densi ya kwao, bila ngoma. Kisha akaketi, akafuta macho. "Nilidhani sitapikia wageni tena," akasema. Nikamshika mkono kupitia nondo.

Rufaa ikasikizwa. Majaji wakasema sumu haikuthibitishwa, wakamwachilia. Aliporudi kuchukua nguo zake, gereza zima lilipiga vigelegele, askari na wafungwa pamoja. Kaka yake alikuwa amekuja na baiskeli. Mama akanikumbatia, akapanda nyuma, akampiga kaka mgongoni.

"Kanyaga, ndugu yangu, kabla majaji hawajageuza nia!"

Wakateremka barabara ya vumbi, yeye akiwapungia mkono hata watu asiowajua.