Samaki Mwenye Maziwa

Wiki iliyopita nilikuwa zahanati hapa Sekei, nasubiri kupimwa presha, runinga ikaonyesha nyangumi na mtoto wake. Nyuma yao kisiwa, mlima mweusi uliochomoza baharini. Mtoto akajipenyeza chini ya tumbo la mama yake, maji yakageuka meupe. Ndugu yangu, niliinamisha kichwa mbele ya watu wasionijua.

Mimi ni wa Moshono, enzi za Mwingereza, kahawa na migomba vikifika hadi mlangoni. Asubuhi nilikata majani ya ng'ombe, jioni tulikula loshoro ya bibi, ile ya ndizi za kuponda na maziwa mgando, uchachu wake bado naupata kwenye meno. Samaki hatukula. Kwetu samaki alikuwa jamaa ya nyoka, na maziwa yalikuwa kitu cha heshima. Hukuvitaja pamoja ukabaki na jina zuri.

Jirani yetu alivitaja. Alirudi kutoka vitani na koti la kijeshi lisilo na vifungo, na sisi watoto tulipomsaidia kuchuma kahawa alitusimulia. Meli yao ilipita kando ya kisiwa kinachofuka moshi, alisema, kama Mlima Meru umezamishwa hadi kiunoni. Pomboo walishindana mbio na meli. Kisha akamwona nyangumi, mkubwa kuliko kanisa letu, ananyonyesha. "Maziwa kabisa, mwanangu. Kama ya ng'ombe wenu."

Mimi nilikuwa na mdomo. Nilichukua kibuyu cha bibi, nikachuchumaa mbele ya kina mama waliokuwa wakichambua kahawa, nikaanza kukamua hewa. "Tulia wewe samaki, usinipige teke." Bibi alicheka hadi akaweka ungo chini. Sikuwahi kujiona napendwa vile. Haukupita mwezi, jirani akawa Mkamua Samaki, kuanzia sokoni hadi kanisani.

Sasa sikiliza. Jirani alipokuwa vitani, mwenye shamba la upande wa pili aling'oa masale, ile mimea ya mpaka, akaipanda ndani zaidi, kwenye ardhi ya jirani. Kipande alichomega ndipo alipozikwa mama yake jirani. Wazee wakaitwa kuamua, na shahidi hakuwepo. Likabaki neno la huyu na neno la yule.

Siku chache kabla ya shauri, mwalimu alifungua kitabu darasani akatusomea kwamba nyangumi huzaa na kunyonyesha. Alisoma mara moja, akageuza ukurasa. Nilisikia vizuri sana. Nikajiambia nitamweleza bibi, sikumweleza. Nilikuwa bado nautaka ule mzaha wangu.

Siku yenyewe nilisimama kwenye migomba na mzigo wa majani kichwani, bibi amekaa hatua chache mbele yangu. Jirani alianza kueleza masale yalikuwa wapi. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Huyu si ndiye anayekamua samaki?" Wote wakaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona fahari, maana walikuwa wanacheka maneno yangu. Kicheko kilipoisha, shauri nalo lilikuwa limekwisha.

Kesho yake nilikutana naye njiani. Shikamoo ilinitoka kwa shida. "Marahaba, mwanangu," akaitikia kama siku zote, akauliza kama ng'ombe wetu ameshazaa. Hakutusimulia tena chochote.

Migomba ile haipo. Pale pana nyumba za kupangisha na ukuta wa matofali, na kaburi liko chini yake mahali fulani. Hata sale moja halikubaki. Jirani alikufa akiitwa mwongo, na bibi alikufa bila kuambiwa.

Pale zahanati, binti aliyekaa karibu nami alikuwa bado anaitazama runinga. "Bibi, kumbe huyu samaki ananyonyesha? Mimi ndiyo najua leo."

"Mimi nilijua nikiwa na miaka kumi," nikamwambia.

Akatabasamu, akasema sisi watu wa zamani tulisoma kweli kweli.