Aliyefika na Aliyekutwa

Zeddy wa kibanda cha chai, pale karibu na lango la chuo Njoro, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake: lazima ajue nani alianza. Wanafunzi wakigombania kiti, huweka mwiko chini na kuendesha kesi. Mbwa wakipigana barabarani, humtafuta mchokozi. Marehemu mumewe alijizoeza kukiri makosa mapema, ili tu apate kula ugali ungali moto.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepatwa na mkasa wa salamu.

Mtaani kwao kila mtu anaijua sheria: anayefika ndiye husalimu, na aliyekutwa huitikia. Asubuhi moja ya ukungu, ule ukungu wa Njoro unaokuficha ng'ombe uliyemshika kamba mwenyewe, Zeddy alipeleka maziwa kando ya barabara, mahali lori linapoyachukulia. Akatua mtungi, akainua uso, akamwona Wangui. Huyu alikuwa jirani yake na rafiki yake tangu wote wawili walipokuwa maharusi wapya, naye alikuwa ametua mtungi wake upande wa pili. Zeddy akangoja kusalimiwa, maana yeye alikuwa ameshafika. Wangui naye akangoja, maana yeye pia alikuwa ameshafika. Wakangojana hadi lori likaja, likachukua maziwa, likaenda zake. Kila mmoja akarudi kwake amefura.

Kesho yake Zeddy alinyamaza kwa sababu Wangui alikuwa amenyamaza, na Wangui akanyamaza kwa sababu Zeddy alikuwa amenyamaza. Mvua zikaisha, ngano ikavunwa, na wanawake wawili wazima, wenye wajukuu, wakawa wanapishana njiani kila mmoja akikagua mawingu.

Kisha habari zikamfikia Zeddy kwamba Wangui anahama. Kijana wake alikuwa amejenga nyumba huko Kiamunyi, akamtaka mama aende kukaa naye, na lori la vyombo lingekuja Jumamosi. "Aende," Zeddy alisema, akamimina chai nje ya kikombe. Roho ilimuuma vibaya. Lakini kwenda kumuaga kabla haijajulikana nani alikosa, hilo lilimshinda, maana watu wangesema ndiye mwenye makosa.

Jumamosi yenyewe ilimkuta akikaanga mandazi. Mteja alikuwa mmoja tu, Natalie, mwanafunzi wa fizikia, ambaye alikuwa ameikunjia simu yake uso.

"Unasoma nini ya kukukasirisha hivyo?" Zeddy akamuuliza.

"Mathe, hii kitu ni noma. Wanasayansi wamechukua chembe ya mwanga, wakaipitisha stesheni mbili. Inaweza kuanza na A ndio iende B, ama ianze na B ndio iende A. Sasa wakaipanga ikafanya zote mbili pamoja. Kupima mwishoni, wanapata hakuna stesheni ilikuwa ya kwanza."

"Ni vile hawakuona vizuri."

"Zii, hapana. Si ati jibu limefichwa. Jibu lenyewe haliko."

Zeddy akaliacha andazi kwenye mafuta. "Si wangeweka mtu hapo katikati aangalie?"

"Ukiweka wa kuangalia, inajipanga. Moja inakuwa imetangulia."

"Kama watoto wangu," Zeddy alisema.

Andazi likaungua. Maisha yake yote alikuwa amemsaka aliyeanza, na kumbe kuna mahali, tena pamepimwa na watu waliosoma, ambapo mtu huyo hayupo! Alisikia kizunguzungu kidogo, kisha akasikia raha.

"Na hiyo inafanya kazi kwa ukungu?"

Natalie, ambaye kama Njoro nzima aliijua kesi ya mitungi, alitikisa kichwa. "Mathe, hapana. Hiyo ni ya vitu vidogo sana. Watu ni wakubwa. Kati yenu kuna mwenye alitangulia tu."

"Hata salamu ni kitu kidogo," Zeddy akasema, na tayari alikuwa anavua aproni.

Njia nzima alipanga hotuba yake ya mwanga na stesheni. Alipoingia kwa Wangui, kabati na kitanda vilikuwa vimeshapandishwa kwenye lori, na mwenyewe ameketi juu ya gunia la viazi, mkono shavuni. Jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa na mjadala wowote nani amefika na nani amekutwa.

"Habari ya asubuhi, Wangui."

"Mzuri!" Wangui aliitikia upesi mno, hata akajionea haya.

Zeddy akamweleza yote, A na B, na Wangui akasikiliza kwa makini kuliko anavyosikiliza mahubiri.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe."

"Na si wewe?"

"Pia si mimi. Imepimwa."

Wangui akacheka, kisha akajifuta macho kwa leso. "Zeddy, mimi huko Kiamunyi sitaki. Nilikubali kwenda kwa sababu hapa sina mtu wa kuongea naye."

"Na mimi nilikataa kuja kuongea kwa sababu nilisikia unaenda."

Wakatazamana. Kesi hiyo Zeddy angeweza kuiendesha hadi Krismasi, lakini hakuuliza kilichotangulia ni kipi. Alimgeukia dereva. "Boss, teremsha hiyo kabati."

Dereva, ambaye jasho la kuipandisha lilikuwa bado halijamkauka, alimtazama Wangui ili amtetee.

"Na kitanda pia," Wangui akasema. "Polepole, mguu mmoja umelegea."

Dereva akatoa simu na kumshtaki kijana wa Kiamunyi. Kijana akaomba kuongea na mama, apate kujua nani ameleta vurugu hii. Wale wanawake wawili wakainyang'anyana ile simu, kila mmoja akipiga kelele kwamba kosa ni lake.