Msafiri Haitwi Nyuma

Kaka yangu Mahir alikuwa fundi wa baiskeli Lamu. Cheka tu, kila mtu alicheka. Mji wa punda, vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawapishani, na yeye kafungua kibanda Mkomani cha kuziba pancha! Siku nyingi alikuwa akitengeneza magurudumu ya mikokoteni na toroli, huku akingojea baiskeli moja tu ipite. Nikimtania hunijibu, "Riziki haivutwi kwa kamba, Hadia."

Alikuwa na pumu tangu mtoto. Utoto wake wote ulikuwa usikimbie, usicheze vumbini, kaa hapo uwatazame wenzako. Ndiyo maana Cherono, mwanamke wa Eldoret mwenye sauti ya kamanda, alipotafuta fundi wa kufuatana na kundi lake la waendesha baiskeli kutoka Mombasa hadi Kizingitini, Mahir alijipeleka mwenyewe. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, na furaha yake ilikuwa ya mtoto aliyeshonewa kanzu ya Idi. Akapita Malindi, akapita Garsen na Witu, akaingia Lamu mzima, akalala kwa Mama. Zilikuwa zimebaki siku mbili, zote kisiwani Pate: kutoka gati la Mtangawanda hadi Siyu, kisha Siyu hadi Kizingitini kwenye sherehe ya kufunga safari.

Asubuhi Mama alimwombea dua mlangoni, akamshika kichwa, akamwacha aende. Halafu akanikataza kufagia. Kwetu nyumba haifagiwi mpaka msafiri afike, maana ukifagia nyayo zake umemfukuza. Basi nikaacha ufagio, nikaenda kukunja mkeka aliolalia. Hapo ndipo nilipoiona inhela yake ya pumu kidakani, ukutani.

Nilikimbia hadi mlangoni. Mahir alikuwa bado anaonekana, anaisukuma baiskeli, karibu kupinda kona ya msikiti. Nilifungua kinywa nimwite, Mama akanivuta nguo kwa nyuma, almanusura nianguke.

"Usimwite! Wataka kumtia nuksi? Msafiri haitwi nyuma akisha kushika ndia!"

"Mama, kaacha dawa!"

"Baba yako nilimwita nyuma kwa ajili ya kofia, Hadia. Kofia tu! Akarudi kuitwaa, akatoka tena, na bahari haikunirudishia hata hiyo kofia."

Nilijificha jikoni nikampigia Mahir simu. Haipatikani. Boti yao ilikuwa imeshaondoka. Nilipotoka, Mama alinitia inhela mkononi. "Nenda Faza, upande wa pili wa Pate, kwa boti ya kasi, kisha ushuke Siyu kwa barabara. Mkute kwa mbele, uso kwa uso. Hapo hukumwita, umempokea tu." Nikaenda. Njia nzima niliilaani mila hiyo, kisha nikasema astaghfirullah, kisha nikailaani tena.

Faza nilipanda pikipiki ya kijana mmoja aitwaye Usama. Hatujafika mbali nikaona mbele yetu mbingu ina rangi ya chai ya maziwa.

"Ule ni moshi?"

"Watu wanachoma mashamba, dada. Masika yanakaribia."

"Upande gani?"

"Wa Mtangawanda. Na leo upepo unaulaza barabarani."

Nikamwambia akaze mwendo, naye akakaza, na harufu ya majani yaliyoungua ikatupokea kabla hatujaingia Siyu. Watoto walikuwa wamejipanga karibu na ngome wawapigie wageni makofi. Hakuna aliyepiga. Baiskeli za mwanzo zilitokea kimya kimya, watu wamefunga leso puani, macho mekundu. Cherono alishuka akikohoa hadi akainama.

"Mahir yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nyuma. Fundi huwa wa mwisho, dada, ndiyo awakute waliopata pancha."

Simu yangu haikushika mtandao; kila aliyefika nilimuuliza, na kila mmoja alinijibu nyuma. Nilikuwa nimekuja kumkuta kwa mbele, na mbele yangu walipita watu wote isipokuwa yeye. Mwishowe akaja Shukri, mvulana wa Mombasa, peke yake.

"Mahir?"

"Aligeuza. Aliniambia niendelee, yeye anarudi gatini mara moja. Nilidhani ameangusha spana."

"Alikuwa anapumuaje?"

Shukri akatazama chini. "Alikuwa akipiga simu. Hakusema mengi."

Usama hakungoja nimwambie. Tuliingia kwenye ule moshi, tukapita shamba lililokuwa jeusi tupu, na penye kivuli cha mkoma nikaiona baiskeli. Ilikuwa imesimamishwa vizuri kwa stendi yake, maana Mahir hakuwahi kuilaza baiskeli chini hata siku moja. Mwenyewe alikuwa ameegemea mti, simu mkononi. Nilimtia inhela kinywani nikabonyeza. Nikabonyeza tena na tena, huku nikimwita. Sasa nilimwita kwa sauti yangu yote, mchana kweupe, mbele, nyuma, kila upande! Mwishowe Usama akanishika mkono. "Basi, dada. Inna lillahi."

Simu ilikuwa bado inawaka. Jina lilikuwa moja tu, limejirudia kioo kizima: Mama.

Tulimrudisha Lamu kwa boti ya Cherono kabla ya magharibi. Wanaume walimpeleka msikitini kumkosha, mimi nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa pale pale nilipomwacha, mchanga wa viatu vya Mahir bado uko sakafuni, simu yake juu ya mkeka. Nilikuwa na maneno, wallahi. Tangu Mtangawanda nilikuwa nikiyanoa.

"Alikupigia, Mama."

"Niliona. Kila ilipolia niliona jina lake." Alisema polepole, bila kunitazama. "Nikasema, nikiitika nitakuwa nimemwita. Nikanyamaza, asije akarudi."

Nikakaa chini karibu naye.

"Alikuwa ameshageuza, Mama," nikamwambia. "Alikuwa anarudi."

Hakulia. Aliutazama ule mchanga, kisha akaniuliza ufagio uko wapi.