Kokoto kwenye Meza ya Sataranji

Walipoikarabati bustani ndogo ya mtaa wa Troyeville, mwaka 2017, watu wa jiji walileta bembea, vyuma vya mazoezi na meza moja ya saruji ya kuchezea sataranji, yenye viti viwili vilivyotazamana. Bembea zilipata wateja siku hiyo hiyo. Vyuma vikapata vijana wa kutunisha vifua. Meza haikupata mtu, ila njiwa, nao waliitumia wanavyojua wenyewe.

Wa kwanza kuikalia alikuwa Mama Zubeda, mjane wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Morogoro. Aliitazama, akahesabu kwa kidole, akacheka. Nusu ya meza ya sataranji ni safu nne za vyumba vinane. Yaani bao kamili! Mashimo tu ndiyo hayakuwepo, na mwenye njaa hana miiko. Akaokota kokoto njiani, akazipanga mahali pa kete.

Bao alikuwa akicheza na mumewe, Mzwandile, mpigania uhuru aliyekimbilia Tanzania, akamwoa, kisha akarudi naye kwao huku kusini mambo yalipotengemaa. Mzwandile alijifunza bao kwa Kiswahili, pamoja na kejeli zake zote. "Leo unalala na njaa, mke wangu!" alikuwa akisema, akizoa kete za mwenzake. Alipofariki, ndugu zake walikuja kuchukua nguo zake, na ubao ukaenda nazo. Ni wa kaka yetu, walisema, na hata kuushika hawakujua. Mwingine angepiga kelele. Zubeda alinyamaza, na hilo ndilo kosa la watu wapole: hunyamaza mpaka nyumba inabaki tupu.

Basi akawa anacheza peke yake. Anacheza upande huu, anainuka, anazunguka meza, anakaa upande wa pili, anajijibu. Watoto wa bembea walimcheka. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Hila yako unaijua kabla hujaifanya, na ukishinda, umemshinda nani? Alichokitaka Zubeda kilikuwa kidogo tu: mtu wa kukaa kiti cha pili.

Alasiri moja mvua ya mawe ilimkurupusha katikati ya mchezo. Akaziacha kokoto, nani aibe kokoto? Kesho yake alikuta zimehama. Hazikutawanyika, la, zimepangwa: hapa mbili, pale mbili, kwenye kona rundo zima. Moyo ukamruka. Upande wa pili umecheza!

Ila ulicheza kwa sheria gani? Usiku kucha hakuelewa. Akamwendea Denise, fundi cherehani kutoka Bukavu, aliyepanga chumba jirani na chake kule mtaa wa Bellevue.

"Kwenu kuna bao?"

"Iko, Mama Zubeda, lakini hiyo ni mambo ya bazee," Denise akajibu bila kusimamisha cherehani. "Baba yangu alikuwa anachezaka. Haiko sawa na ya kwenu. Miye sijue hata."

Haiko sawa na ya kwetu! Zubeda akapata jibu lake. Mwenzake ni mzee wa Kikongo, anapita asubuhi, anacheza kikwao. Tangu siku hiyo akawa anacheza mkono mmoja jioni na kuondoka, na kila kesho yake akikuta jibu. Majibu ya ajabu, ya kichaa, lakini mara mbili yalimmaliza kabisa, akapiga makofi pale mezani. Alianza kuimba akipika. Binti yake Ilham, aliyehamia mji wa Midrand na aliyeelewa Kiswahili ila hakujibu kwacho, alipopiga simu Jumapili akaambiwa, "Mwanangu, nimepata mwenzangu." Ilham akasema kwa Kiingereza kwamba ni vizuri, akaaga.

Hatimaye uvumilivu ulimshinda. Asubuhi moja alivaa kanga yake nzuri, akatia mkobani chupa ya chai na vikombe viwili, akaenda kumwona mtu wake.

Mezani palikuwa na kijana wa ovaroli ya kijani, mfagiaji wa bustani. Alizoa kokoto zote kwa kiganja, akazitia ndooni, akasugua mavi ya njiwa kwa tambara, kisha akaanza kuzirudisha: mbili, mbili, mbili. Zilizobaki akazimwaga kwenye kona.

Zubeda akasimama kama aliyesahau njia.

"Sawubona, gogo," kijana akamwamkia, maana kwa Kizulu gogo ni bibi. "Mimi Thabo. Usihofu, mawe yako yote yapo, huwa nayaosha. Eish, nilidhani ni mambo ya mizimu yenu, nikaona nisiyatupe. Kumbe ni nini?"

Zubeda alikuwa na Kizulu cha sokoni na cha hospitali. Cha bao hakuwa nacho, kwa sababu mtu pekee aliyecheza naye katika nchi hii alicheza kwa Kiswahili.

"Ni mchezo," akasema. "Wa watu wawili."

"Na mwenzako yuko wapi?"

Zubeda akaitazama ile kona yenye rundo la kokoto.

"Alikuwepo mpaka jana."

Thabo akavua kofia haraka, akaishika kifuani. "Pole sana, gogo. Pole sana."

Zubeda hakumsahihisha. Akaketi na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia mbele ya mashemeji, na kijana akabaki amesimama karibu yake, hajui aketi au aondoke, mbele ya kiti cha pili.